Bi Unene na Bomba la Kofia ya Bluu

Shangazi yangu alikuwa mwembamba kama ufito, na kiwandani walimwita Bi Unene. Mgeni akilisikia jina kwanza kisha akamwona mwenyewe, alidhani wenzake wanamsimanga. Utani ulikuwemo, sikatai, lakini jina lilitokana na kazi. Kwa miaka ishirini na sita alipima unene wa mabomba ya chuma, na hakuna bomba lililotoka kwenye lango la kile kiwanda bila kupita mikononi mwake au mikononi mwa mtu aliyefundishwa naye.

Alianza kwa ufagio. Aliajiriwa kufagia ukumbi wa majaribio, mahali mabomba yalipoletwa yakiwa bado na joto la kuchomelewa. Kila bomba lilizibwa ncha zote mbili, likajazwa maji, maji yakasukumwa mpaka mshale wa kipimo ufike kwenye alama nyekundu. Lisipovuja, maji yake yalimwagwa, likagongwa kwa nyundo ndogo mwili mzima ili usikike mlio wa mshono, halafu unene ukapimwa sehemu nne kwa maikromita, kile kibano kidogo cha chuma kinachoingia kiganjani. Shangazi alifagia huku akitazama. Miaka miwili alitazama. Siku mkaguzi mzee alipokamatwa na mgongo, asiweze hata kuinama, msimamizi wa zamu alimkuta mfagiaji ameegemeza ufagio ukutani, maikromita mkononi, mdomo unatembea kimyakimya kwa hesabu.

"We mama, unafanya nini hapo?"

"Nasoma."

"Haya, kinasema ngapi?"

Akamtajia. Msimamizi akapima mwenyewe, akarudia, akakuna kichwa. Wiki iliyofuata ufagio ulipewa mtu mwingine.

Mimi namkumbuka kuanzia miaka ya koti la kaki. Alikuwa nalo moja la kufua na moja la kuvaa, na yote mawili yalinuka mafuta ya mashine hata yakitoka kwenye kamba. Nywele zake hazikukosa vumbi la chaki ya njano, maana bomba lililofaulu alilitia alama ya duara kwa chaki, na lililofeli alilipiga msalaba. Jumapili alikuja kwetu kula, na mkono wake haukutulia. Alipima jalada la daftari langu, akapima kioo cha dirisha, akapima mpaka sufuria ya mama yangu.

"Wifi," mama alimwambia, "sufuria yangu haijaomba kukaguliwa."

"Haijaomba, lakini upande mmoja imelika."

"Kwa hiyo wewe uliyekula humo leo, umeshiba upande mmoja?"

Walicheka mpaka baba akatoka nje kuwaachia nafasi. Nikikumbuka nyumba yetu ya zamani, kicheko hicho ndicho kinachonijia kabla ya sura zao.

Baba alikuwa mdogo wa shangazi, wa kumfuata. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya kwenda stendi, duka refu na jembamba, misumari na bawaba mbele, rangi katikati, na uani, mbele ya mlango wa nyumba yetu, mabomba yaliyolazwa juu ya magogo. Shehena ya kwanza kabisa ya mabomba aliipata kwa neno la dada yake. Shangazi alikwenda kwa meneja wa mauzo, akasema, "Huyu ni mdogo wangu, akiwadanganya nikateni mimi mshahara." Kwa hiyo kwa miaka mingi ndugu hawa wawili walikuwa ncha mbili za kitu kimoja. Dada alilitia bomba duara la njano kule kiwandani, na baada ya siku mbili tatu kaka akaliuza lingali na duara lake.

Nilipotimiza miaka ishirini na nne nilikuwa nasimamia kaunta ya baba. Ndiyo miaka mabomba ya kutoka nje yalipoingia. Yalikuja kwa meli kutoka nchi ya mbali, yamefungwa mafungu mazuri kwa mikanda ya bati, na kila bomba limevishwa kofia ya plastiki ya bluu kwenye ncha zake ili nyuzi zilizochongwa za kuunganishia zisiumie. Yaling'aa. Na bei yake ilikuwa robo tatu ya bei ya yale ya kiwandani kwetu, wakati mwingine chini ya hapo. Baba alikataa kuyauza kwa miezi mitano hivi. Wateja wakaanza kupita mbele ya duka letu kwenda duka la jirani, wakitusalimia kwa adabu zote. Salamu zile zilimchoma baba kuliko matusi. Mwezi wa sita akaagiza lori moja.

Shangazi alipofika Jumapili na kuyaona uani, hakuingia ndani kwanza. Alichutama, akavua kofia moja ya bluu, akachungulia ndani ya bomba kama mtu anayechungulia kisima, akairudisha kofia mahali pake. Akaingia ndani kula.

"Dada," baba alianza, "nauza kinachonunuliwa. Wateja wangu ni watu wanaojenga chumba kimoja kwa miaka mitatu. Nikiwauzia ghali nitakuwa nimewasaidia nini?"

"Nimekuuliza kitu?"

"Hujaniuliza, lakini unatafuna kwa hasira."

Hata yeye alicheka siku ile. Baadaye kicheko kilikatika. Kiwanda kilikuwa na mitambo mitatu. Wa tatu ulizimwa kwanza, watu thelathini wakaambiwa wakapumzike nyumbani. Mwaka uliofuata ukazimwa wa pili. Ukumbi wa majaribio, uliokuwa na wanawake wanane, shangazi na saba aliowafundisha, ukabaki na watatu. Kantini ikafungwa, wakawa wanakula walichobeba, wamekaa juu ya mabomba yasiyo na mnunuzi. Ndipo shangazi akaacha kuja kwetu. Hakugombana na mtu. Jumapili ya kwanza alisema ana mafua, ya pili ana kufua, na ya tatu hakutuma sababu. Mama alizoea kutenga sahani yake, na kila akiiondoa ikiwa tupu alimtupia baba jicho ambalo nisingependa kutupiwa mimi.

Basi wenye kiwanda wakapeleka malalamiko serikalini kwamba mabomba yale yanatupwa kwenye soko letu, yaani yanauzwa kwa bei ya kutupa ili kuwaua wenyeji. Idara ya biashara ikatuma wachunguzi wawili, bwana mmoja mnene mpole na mama mmoja mwenye miwani, kila mmoja na sanduku lake la magurudumu. Walikaa kiwandani siku nne. Siku ya pili yule mama wa miwani aliteremka kwenye ukumbi wa majaribio, na wafanyakazi wakamzunguka, kila mtu na lake. Mmoja akamwambia, "Mama, wanauza rahisi mno, wafungeni."

Yule mama akatabasamu. "Kuuza rahisi si kosa. Hata mimi napenda vya rahisi. Tunachotafuta ni hiki: je, wanatuuzia sisi kwa bei ya chini kuliko wanayouziana wao kwa wao huko kwao? Na kama ndivyo, je, hilo ndilo lililozima mitambo yenu, au mmeizima wenyewe kwa sababu nyingine?"

Shangazi alitusimulia baadaye kwamba neno hilo lilimkaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza kiwanda chake kinaumwa ugonjwa gani. Aliombwa madaftari yake ya vipimo, akayatoa yote, ya miaka ishirini na kitu, yamefungwa kwa kamba za viatu. Humo mliandikwa mabomba yote yaliyopimwa kila siku. Wachunguzi wakafunua kurasa, na hata bila kupiga hesabu waliona jinsi siku za kurasa tatu zilivyogeuka siku za ukurasa mmoja, kisha nusu ukurasa.

Wafanyabiashara nao walitumiwa fomu za maswali. Ya baba ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Aliijaza kwenye kaunta, kalamu nyuma ya sikio kila alipofikiri, akilalamika kwamba hata alipooa hakuulizwa maswali mengi hivyo.

Likatangazwa baraza la wazi, pande zote zije zisikilizwe. Meneja wa kiwanda, mtu aliyejua chuma kuliko alivyojua sheria, akamwita shangazi ofisini. Shangazi alikaa kwenye ncha ya kiti, koti la kaki limefungwa vifungo vyote.

"Bi Unene, wewe ndiye shahidi wetu wa ubora. Watakuuliza kuhusu mabomba ya hao wageni. Utasema ni mabovu."

"Ni mabovu?"

"Bei ile, yatakuwaje mazima?"

"Sijayapima, meneja."

"Huhitaji kuyapima! Sema ni membamba, mshono mbaya, yatapasuka baada ya mwaka. Watu mia na ishirini wanautegemea ulimi wako."

"Nitapima kwanza," shangazi akasema. "Ulimi wangu haujawahi kutangulia mkono."

Kesho yake mchana nikamwona anaingia dukani kwa baba. Ilikuwa yapata miezi minane hajakanyaga pale. Baba aliinuka haraka mpaka stuli ikaanguka.

"Karibu, dada. Karibu sana. Kaa."

"Sikai. Nataka bomba moja la kofia ya bluu."

"La nini tena?"

"La kununua. Hapa si dukani?"

Baba hakutaka pesa, shangazi hakutaka zawadi. Walivutana mpaka mteja aliyekuwa akingoja misumari akaanza kucheka. Mwisho shangazi akalipa bei kamili na kudai risiti. Bomba lilikuwa refu kuliko chumba, nami nikatumwa nishike ncha ya nyuma. Tukalipeleka kwa mkokoteni hadi langoni, kisha tukalibeba begani, yeye mbele mimi nyuma, kupita chini ya mitambo miwili iliyofunikwa maturubai. Sikuwa nimeingia mle tangu utotoni. Kelele niliyoikumbuka, ile iliyotetemesha meno, ilikuwa imesinyaa ikawa ngurumo ya mashine moja pembeni. Ukutani bado kulikuwa na misumari minane ya kutundikia makoti.

Alilipima lile bomba kama alivyopima mengine yote. Akalijaza maji, mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu, akaupitisha mbele kidogo kwa makusudi. Halikuvuja. Akaligonga na nyundo kuanzia ncha hadi ncha, kichwa ameinamisha. Akapima sehemu nne, halafu akakata kipande kwa msumeno akapima tena kwa ndani. Wale wanawake wawili waliobaki walikuwa wamesimama kandokando, na mimi niliona nyuso zao zikisubiri neno baya.

"Ni zuri," shangazi akasema.

"Sawasawa na letu?" mmoja akauliza.

"Sawasawa."

Akachukua chaki ya njano, akachora duara.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Meza za vitambaa vya kijani, vipaza sauti vinavyokoroma, chupa za maji. Upande mmoja walikaa watu wa kiwanda, upande wa pili waagizaji na wakili wao, na pamoja nao baba yangu, aliyechaguliwa kuwasemea wenye maduka. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, imembana kwapani. Mimi na mama tulikaa katikati ya ukumbi, hatukujua tuegemee wapi.

Baba alisema vizuri, sikutarajia. Aliwaeleza kuhusu watu wa chumba kimoja kwa miaka mitatu. Wakili wa waagizaji naye akasimama, kijana nadhifu, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Hoja yake ilikuwa kwamba mabomba ya wateja wake ni ya daraja la juu, yametengenezwa kwa mitambo mipya, na hayawezi kuwekwa kapu moja na ya kiwanda hiki kilichozeeka. Kama kiwanda kimepoteza wateja, alisema, ni kwa sababu kinatengeneza kitu kingine kabisa. Akamwita Bi Unene.

"Mama, ni kweli umelipima bomba la wateja wangu?"

"Ni kweli. Nina risiti."

Watu wakacheka. Wakili akangoja.

"Uliona kasoro yoyote?"

Meneja alikuwa amemkazia macho shangazi kama anayesukuma gari kwa macho. Shangazi akavuta kipaza sauti.

"Sikuona. Ni bomba zuri. Aliyelikagua huko kwao ni mtu anayejua kazi, na ningekutana naye ningempa mkono."

Ukumbi ulivuma. Meneja alishika kichwa. Wakili alikaa chini uso umechanua, na nilimwona baba akimtazama dada yake, mdomo wazi. Mimi nilijua kesho anarudi kwenye ukumbi ule wa misumari minane.

Ndipo yule mama wa miwani akaomba nafasi.

"Bi mkaguzi, na mimi nina swali. Nikimwekea fundi bomba lenu na lao mezani, nikatoa hizo kofia za bluu, atajua lipi ni lipi?"

"Hatajua."

"Wewe je?"

Shangazi alifikiri. "Nisipoona chaki yangu, hata mimi sitajua. Unene ni ule ule, mshono ni ule ule, yanabeba maji yale yale kwa nguvu ile ile. Mteja akichagua lao, amechagua bei. Hakuna kingine cha kuchagua."

Yule mama aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Uso wa wakili ulianza kufifia, lakini wengi wetu ukumbini hatukuelewa kwa nini.

Mchana watu walipotoka, shangazi alisimama peke yake kwenye ngazi. Wenzake wa kiwandani walimpita kama hawamwoni. Baba akamwendea, ametoa koti la suti, amelishika mkononi.

"Dada, umesifia mabomba yangu mbele ya umati mzima."

"Nimesema yalivyo."

"Si ungetia chumvi kidogo? Hata mimi ningekusamehe."

"Mimi nisingejisamehe."

Kisha shangazi akamtazama kwapa. "Hilo shati limefumuka."

"Najua."

"Umekula?"

"Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Niliogopa kusema."

Tukaenda wote wanne kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, tukala mpaka baba akalegeza mkanda. Mabomba hayakutajwa. Mama alimwambia wifi yake kwamba amekonda, shangazi akajibu kwamba hilo halijawahi kuwa habari. Na Jumapili akaja.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi saba. Baba aliletewa nakala, akaisoma kwenye kaunta, kidole kikifuata mistari. Wachunguzi walikuwa wamegundua kwamba mabomba yale yaliuzwa hapa kwa bei ya chini kuliko huko yalikotoka, na kwamba ndiyo yaliyoua mitambo miwili. Yangetozwa ushuru wa ziada kwa miaka mitano. Baba alifika ukurasa wa arobaini na moja akasimama, akaniita. Ilikuwa imeandikwa kwamba hoja ya waagizaji ya tofauti ya ubora imekataliwa, kwa sababu mkaguzi wa kiwanda, mwenye uzoefu wa miaka mingi, ameeleza bila upendeleo kwamba bidhaa hizo mbili hazina tofauti.

"Ona," baba akasema. "Angesema mabovu, wakili angeshangilia: si mnaona, ni vitu viwili tofauti! Amesema mazuri, na ametumaliza." Akaketi kwenye stuli, akaanza kucheka, machozi yakamtoka. "Dada yangu ametumaliza kwa sifa!"

Tulipompelekea habari, shangazi hakuelewa mara moja. Baba ilibidi amsomee mara mbili. "Sikukusudia," alisema, kama anayeomba radhi.

Meneja alimnunulia kitambaa cha gauni na akashindwa kumtazama machoni alipompa. Mtambo wa pili ukawashwa. Kati ya wale walioachishwa wakarudi arobaini hivi, wengine walishahama au kupata mengine, na misumari yenye makoti ikafika sita. Haikurudi kuwa minane. Dukani bei ilipanda, kama baba alivyohofia. Wapo wateja wetu waliosimamisha ujenzi kwa sababu yake, na mmoja, mama mjane aliyetaka kuingiza maji ndani, alikuja mara tatu kuuliza bei kisha akaacha kuja. Baba alimtaja mpaka uzeeni. Shangazi akisikia hakumpinga.

Alistaafu ushuru ungali unatozwa. Ulipokwisha uliongezwa mara moja, halafu haukuongezwa tena, na wakati huo haikuwa na maana kubwa, kwa kuwa watu walishaanza kupitisha maji kwenye mabomba ya plastiki ambayo mtu mmoja hubeba kumi begani. Kiwanda kilifungwa kwa utaratibu, bila ugomvi. Sasa pale ni maghala ya kukodi. Baba tulimzika miaka minne iliyopita, na shangazi ndiye aliyekaa siku zote na mama, akimsimulia utundu wa baba alipokuwa mdogo, mambo ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuambiwa.

Anaishi nami sasa. Ana miaka sabini na tisa. Mwisho wa kila mwezi, wanawake wa ukumbi wa majaribio hukutana sebuleni kwangu. Walianza sita, wamebaki wanne. Miaka ile ya mashine iliwaharibu masikio, kwa hiyo huzungumza kwa kupayuka, wote kwa pamoja, nani aliangusha bomba kwenye kidole cha msimamizi, nani alilala zamu ya mchana akaamshwa na king'ora. Kwenye mkutano wa mwezi uliopita jirani mpya aligonga mlango akiwa na wasiwasi, akauliza kama kuna watu wanapigana. Nikamfungulia zaidi aone. Shangazi akamwonyesha kiti, akampayukia akaribie, chai ipo.